Shangazi, mume kapasuliwa goti na bosi yuko kwenye laptop

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Rau, Moshi. Kazi yangu naifanyia nyumbani: nashika hesabu na ankara za kampuni moja ya Dar es Salaam, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko kwenye laptop. Mume wangu aliumia goti kwenye mpira wa maveterani. Wiki iliyopita akafanyiwa upasuaji mdogo wa kamera, wakapunguza kipande cha gegedu kilichochanika, akaruhusiwa kesho yake na magongo.*

*Tangu arudi sipumui. Maji, rimoti, chaja, nipandishie mto. Juzi niko kwenye kikao, akaniita kwa sauti mpaka bosi akauliza, "Nani huyo anaumwa?" Huku mtori unaungua jikoni. Ndugu zake wanashuka na daladala kutoka Kibosho kuja kumpa pole, wanataka chai, na wifi akasema mbele ya wageni: "Si yupo tu nyumbani, anashinda kwenye kompyuta." Nilienda kulia chooni. Niache kazi kwa mwezi mmoja? Au mimi ni mke mbaya?*

*Mama Wawili, Rau*

Marahaba mwanangu. Mpe pole baba watoto. Na wewe pole, maana naona katika wageni wote hao hakuna aliyekukumbuka.

Hilo la mke mbaya tulimalize haraka: mke mbaya hapiki mtori, hata wa kuungua. Na kazi usiache. Mtu aliyepunguziwa gegedu kwa kamera kwa kawaida huruhusiwa kukanyagia mguu mapema sana, kadiri maumivu yanavyomruhusu, na wengi wenye kazi za kukaa hurudi kazini ndani ya wiki moja au mbili. Ingekuwa gegedu limeshonwa, hapo ni habari nyingine, magongo yanaweza kwenda wiki 4 hadi 6 na kukunja goti kuna masharti yake. Wewe umeandika wamepunguza, nami nakujibu kwa hilo, ila soma tena karatasi aliyoruhusiwa nayo. Ikipingana na Shangazi, fuata karatasi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mumeo hatalipenda. Baadhi ya hizo safari unazokwenda wewe ni zake. Misuli ya paja hulegea upesi mtu akikaa tu, na misuli hiyo ndiyo inayolishika goti. Kutoka kwenye kochi hadi jikoni kwa magongo, taratibu, kunywa maji na kurudi, hiyo ni sehemu ya tiba. Kama barazani kuna ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize mgonjwa pamoja na magongo. Akiwa amekaa achezeshe kifundo cha mguu juu na chini mara kwa mara, damu itembee. Na anyooshe mguu, akaze paja kama anayesukuma goti chini kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Mazoezi hayo hayakuhitaji wewe. Kama mtu wa fiziotherapia amempa mengine, afanye ya huyo.

Kuhusu mto, hapa wengi hukosea. Mnauweka chini ya goti kwa sababu linastarehe likijikunja kidogo. Likizoea hivyo, kulinyoosha baadaye ni kazi. Mto ukae chini ya kisigino na shavu la mguu, goti linyooke, mguu wote uwe juu kidogo. Barafu ni dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, isiguse ngozi. Gandisha chupa ndogo za maji usiku na uzifunge kwa kanga, umeme ukikatika mchana bado unazo. Dawa za maumivu kama diclofenac ameze akiwa amekula, na kama ana vidonda vya tumbo daktari ajue leo, si kesho.

Kwa hiyo saa mbili na nusu asubuhi, kabla hujafungua laptop, weka stuli karibu yake: chupa ya chai, maji, chaja, rimoti, dawa, simu. Mkubaliane utatoka saa nne, saa saba na saa kumi. Katikati ya hapo atume ujumbe wa WhatsApp, asiite. Kupiga simu kubaki kwa dharura, na dharura zenyewe ni hizi: shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kubana au kifua kuuma, homa, kidonda kuwa chekundu na kutoa usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hapo ni hospitali moja kwa moja, kikao kiachwe katikati.

Kwa bosi usijifiche. Sauti ameshaisikia, nusu ya maelezo anayo. Kama una mkataba wa ajira, ujue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetoa siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiumwa au kufariki, na mume akifariki. Mume akiumwa, siku hizo 4 hazimhusu. (Sijui waliotunga walidhani waume wetu hawachezi mpira.) Lakini likizo yako ya mwaka ya siku 28 ipo. Omba siku mbili tatu kutoka humo, moja uiweke akiba kwa siku ya kwenda kutoa nyuzi, na umwombe vikao vya wiki hii visigongane na saa saba.

Nimebakiza wageni makusudi, maana naona goti ni kisingizio tu. Kilichokuliza chooni ni neno la wifi, na wifi hakulitoa hewani. Kwenye nyumba hiyo hakuna aliyewahi kumwambia mtu kwamba ile kompyuta ni ofisi. Mumeo anajua inalipa nini, ada ya watoto anaiona inavyotoka. Mbona alinyamaza?

Wageni usiwafukuze. Mtu aliyeshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani na dumu la maziwa mkononi amekuja kwa upendo, na ukimfungia mlango utasemwa hadi Pasaka. Waje baada ya saa kumi na moja, au Jumamosi. Atakayeweka utaratibu huo ni mumeo, kwa mdomo wake, kwa kuwa ni ndugu zake. Wewe ukiusema utakuwa mke mwenye maringo. Akiusema yeye ni ratiba ya mgonjwa. Wifi akifika mchana, mumeo ampe jiko: "Dada, mama watoto yuko kazini mpaka saa kumi na moja, naomba unipikie mtori." Anaujua kuliko wewe na atafurahi kukuonyesha.

Ongea na mumeo leo watoto wakishalala, wala usianze na machozi, anza na ada. Akikubali, ampigie dada yake hapohapo, spika ikiwa wazi.