Usimpe mtoto hiyo tramadoli, hata nusu

Dada, rudisha hiyo kapsuli ilikotoka, tena ufungie. Umeandika kwamba mwanao wa miaka 4 katolewa mafindofindo juzi, usiku halali kwa maumivu, na baba yake alibakiza tramadoli, dawa kali ya maumivu, alipovunjika mkono. Unauliza kama nusu itamdhuru. Nusu hiyohiyo ndiyo niliyompa binti yangu.

Tulikuwa Uyole, Mbeya, baridi ya Julai, siku ya tatu tangu naye atolewe mafindofindo. Muuza duka la dawa hakuuliza hata mtoto ana kilo ngapi. "Fungua kapsuli, mwaga nusu, changanya na uji, atalala." Kweli alilala. Akaanza kukoroma, nami nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu kapata usingizi. Saa nane usiku mama yangu aliingia kumfunika, akasimama. "Mbona huyu anapumua kwa kuachaacha?" Nikasikiliza. Pumzi moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Midomo imegeuka rangi. Nikamtikisa, nikamwita jina, macho hayakufunguka. Tulimviringisha kwenye khanga, tukapanda bajaji, njia nzima namfinya masikio asizame. Hospitali walimwekea oksijeni, wakakaa naye mpaka kukakucha.

Daktari ndiye aliyenieleza. Ini huigeuza tramadoli kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na wapo watoto waliozaliwa na ini linalofanya kazi hiyo haraka mno. Dozi ndogo kwao huwa kubwa, na pumzi hufifia. Kwa kumtazama mtoto huwezi kujua. Tena anayetolewa mafindofindo mara nyingi ni yule aliyekuwa akikoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa hiyo hatari ni maradufu. Kodeini, dawa nyingine kali ya maumivu, ni vilevile: mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake kwa watoto wa upasuaji huu mwaka 2013, baada ya vifo. Aprili 2017 wakasema tramadoli isitibu maumivu ya mtoto wa chini ya miaka 12, na baada ya kutolewa mafindofindo asipewe yeyote wa chini ya miaka 18. Yote haya yalijulikana kabla sijaingia lile duka! Mtu anavaa koti jeupe, anauza dawa ya mtu mzima kwa ajili ya mtoto kama anapima karanga. Hasira hiyo bado ninayo.

Kosa langu lilianza mapema zaidi. Parasetamoli nilikuwa nampa akilia tu. Akilala naacha, anaamka maumivu yameshapanda, sharubati hiyo ya parasetamoli haifui dafu, nami natafuta kali zaidi. Mpe kwa saa, asingoje kulia: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku, hata kama ni kumwamsha, kwa siku zote alizoandikiwa. Kipimo ni kwa kilo, miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Wangu alikuwa na kilo 16, yaani miligramu 240. Kwa chupa ya miligramu 120 katika mililita 5, ni mililita 10 za bomba la sindano, si kijiko cha chai. Akilia hata hivyo, akitema damu au akigoma kunywa maji, mrudishe kwa aliyempasua usiku huohuo.

Wako ana kilo ngapi, na chupa yako imeandikwa ngapi?