Maswali ya Wasomaji: Daf ya Wakurdi na Gitaa la Panki

SWALI: Bwana Mhariri, salamu kutoka Lubumbashi. Mimi na wenzangu tunapiga karindula, ile banjo kubwa ya kwetu, na mmoja wetu ametusikilizisha vijana wa Irani wanaochanganya ngoma za wazee wao na panki, ule muziki wa roki wa kasi wenye kelele nyingi. Baba yangu mkubwa anasema huko ni kuchezea urithi. Je, pana siasa gani hapo, na muziki wenyewe unashikanaje? (Msomaji, Katuba)

JIBU: Mwanangu, mwambie baba yako mkubwa, kwa heshima zote, kwamba nchini Irani urithi wenyewe uligombaniwa kabla gitaa la umeme halijaingia kati. Tangu mapinduzi ya 1979 mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya wanaume, kila onyesho huhitaji kibali cha wizara ya utamaduni, na televisheni ya serikali, ile ile inayojigamba kulinda mila, kwa desturi haionyeshi ala zikipigwa. Kwa hiyo binti anayepaza sauti katika wimbo wa kijijini kwa bibi yake amekwisha kuvuka mpaka kabla hajamtaja mtawala yeyote. Angeimba kwa Kiingereza wangemwita kibaraka wa Magharibi. Kwa wimbo wa bibi, tusi hilo halimkai vizuri.

Itazame daf, dada mkubwa wa dufu letu la maulidi, ambayo Wakurdi wameipiga tangu zamani katika dhikiri zao. Kauli ya "Mwanamke, Maisha, Uhuru" nayo ilitoka kwa Wakurdi, kisha ikajaa mitaani baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti Mkurdi wa mji wa Saqqez aliyefia mikononi mwa polisi wa maadili, Septemba 2022. Anayeipiga daf katikati ya panki anairudisha kauli hiyo nyumbani kwake, na pete za chuma zilizo ndani ya ukingo wake humwaga mchakacho unaoshika nafasi ya matoazi.

Ugumu uko kwenye sauti. Muziki wa Kiirani una sauti zinazoangukia katikati ya vyuma vya shingo ya gitaa, ilhali setar, ala ya nyuzi ya Kiirani, badala ya vyuma hufungwa shingoni nyuzi za kusogezwa, kwa hiyo huzifikia bila shida. Bahati nzuri panki hupenda kupiga sauti mbili tu kwa pamoja, ya kwanza na ya tano katika ngazi ya sauti. Ile ya tatu, ambayo ndiyo ingegombana na mwimbaji, huachwa wazi, naye huiweka anapotaka. (Nakiri kwamba jambo hili hunifurahisha kuliko kelele zenyewe.)

Gharama yake si mchezo: Toomaj Salehi, mwimbaji wa rapu aliyeunga mkono maandamano ya 2022, alihukumiwa kifo Aprili 2024, kabla ya hukumu hiyo kutenguliwa na yeye kuachiliwa Desemba mwaka huo.

Nanyi huko Katuba, msianze na gitaa. Mwombeni baba mkubwa aimbe wimbo mmoja wa zamani, karindula imfuate, kisha mwenye gitaa alegeze nyuzi zake mpaka amfikie mzee.