Swali la lugha: Shafti huchomolewa, na gia je?

SWALI: Ninafundisha ufundi wa zana za kilimo na ninawaandikia wanafunzi wangu mwongozo wa kutengeneza giaboksi ya trekta. Nimeandika hivi: “Ondoa gia na shafti iliyoharibika kutoka kwenye giaboksi.” Mwenzangu anashauri niandike “ng’oa”, mafundi wa karakanani wanasema “chomoa”, na mimi mwenyewe nilikuwa ninaelekea kwenye “toa” kwa kuwa ni jepesi. Lipi ni sahihi? Na je, “gia” na “shafti” ni maneno ya kuandikwa kitabuni?

JIBU: Mwalimu, vitenzi vyote vinne ni Kiswahili safi, na hakuna hata kimoja ambacho mhariri angekikata kwa kosa la sarufi. Tofauti yao imo katika kitendo ambacho kila kimoja kinamwonyesha msomaji, na kwa kuwa msomaji wako ni kijana mwenye spana mkononi, tofauti hiyo haifai kupuuzwa.

Nianze na kutoa, kwa sababu ndicho kinachoonekana chepesi na ndicho chenye mtego. Dereva yeyote akiambiwa “toa gia” huelewa jambo moja tu, yaani arudishe kijiti cha gia katikati ili chombo kisiwe kwenye gia yoyote. Niliwahi kusimama chini ya mwembe mahali ambapo trekta ilikuwa ikifunguliwa. Fundi mkuu, akiwa amelala chini yake, alipaza sauti, “Toa gia!”, na kijana aliyekaa kwenye kiti akakisukuma kijiti mpaka katikati bila kuuliza neno, na hivyo ndivyo fundi alivyotaka. Kesho yake trekta ilikuwa imekwisha kutenganishwa na mfuniko wa giaboksi umefunguliwa, meno mawili ya gia yakionekana wazi kuwa yamemeguka. Fundi yule yule hakusema tena “toa gia”. Alisema, “Ichomoe hiyo shafti, halafu nipe gia.” Sikio lake lilijua kwamba maneno yale yale ya jana yangeleta maana nyingine.

Sasa tutazame kuchomoa. Kitenzi hiki kina jamaa zake: choma kwa maana ya kudunga, chomeka kwa maana ya kukiingiza kitu chembamba ndani ya kingine kikae humo, na chomoa kwa maana ya kukivuta kilichochomekwa. Wanasarufi huiita kauli hii kauli ya kutendua, kwa kuwa hukirudisha nyuma kitendo kilichokwisha kutendeka, kama tunavyofunga na kufungua, kubandika na kubandua, kutega na kutegua, kukomea mlango na kuukomoa. Angalia pia irabu: mzizi wenye “o” huchukua “o”, ndiyo maana tunapata chomoa na komoa, ilhali mizizi yenye irabu nyingine huchukua “u”. Shafti ni chuma kirefu cha mviringo kilichopitishwa kwenye matundu ya kuta za giaboksi na kushikiliwa na beringi, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyoiwezesha kuzunguka kwa wepesi, kwa hiyo imechomekwa hasa, kama upanga alani au sindano kwenye kitambaa, na kinyume chake ni kuchomolewa. Mafundi wako wamelenga penyewe. Usitishwe na matumizi mengine ya neno hili, kama pale mtangazaji wa mpira anaposema timu imechomoa bao, kwa maana ya kusawazisha, kwani muktadha wa karakana hautampoteza mtu.

Gia, kwa upande wake, haikuchomekwa ndani ya kitu. Yenyewe ndiyo yenye tundu, na shafti ndiyo iliyopita katikati yake, kama kidole ndani ya pete. Katika giaboksi nyingi za muundo wa zamani, fundi huondoa kwanza pete ya chuma inayoizuia shafti isicheze, kisha huivuta shafti kuelekea upande mmoja huku mkono wa pili ukiishikilia gia, na shafti inapokwisha kupita, gia hubaki mkononi na kuinuliwa kupitia mdomo wa juu. Hivyo ni vitendo viwili vyenye mpangilio, na kitenzi kimoja kwa vyote viwili huuficha mpangilio huo. Mwanafunzi aliyesoma “ondoa gia na shafti” anaweza kuanza kuihangaisha gia ambayo haitatoka kamwe kabla ya shafti. Ningeandika: “Chomoa shafti kuelekea nyuma huku ukiishikilia gia, kisha itoe gia kupitia mdomo wa juu wa giaboksi.” Hapo kutoa hakuna mtego tena, kwa sababu sentensi yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba gia ni kipande cha chuma kinachoshikika.

Kung’oa ninakipenda, lakini mahali pake ni pengine. Kinachong’olewa huwa kimeshika na kinakataa, kama mti, jino, kisiki au msumari wenye kutu, na aghalabu anayeking’oa hana nia ya kukirudisha. Ukimwamuru mwanafunzi ang’oe shafti, umemkabidhi nyundo na ruhusa ya kuitumia, na shafti iliyogongwa kichwani kwa nyundo ya chuma huvimba ncha, ikashindwa kupita kwenye tundu lake. Kiweke akiba kitenzi hicho kwa beringi iliyoganda kwenye shafti, ile inayohitaji chombo cha kuvutia chenye makucha. Hiyo kwa kweli hung’olewa, na kwa kawaida hutupwa.

Kuondoa ni kukifanya kitu kisiwepo mahali kilipokuwa, bila kueleza namna ya kukitoa. Kinafaa sana kwa uchafu, kutu, maji, na hasa vile vipande vya meno vilivyomeguka na kuzama chini ya oili, ambavyo visipoondolewa vyote vitaingia kati ya gia mpya na kuivunja. Kwa oili yenyewe, mafundi husema “mwaga oili”, nawe usione haya kuandika hivyo.

Kuna kitenzi kingine ambacho hukukiuliza lakini nimeona kikiingia katika miongozo ya namna hii, nacho ni “kushusha giaboksi”. Kwenye lori ni sahihi kabisa, kwa sababu giaboksi imening’inia nyuma ya injini na hushushwa kwa jeki. Lakini katika trekta nyingi za shambani, kama zile Massey Ferguson tulizozizoea, hakuna fremu ndefu ya kuibeba giaboksi, bali giaboksi yenyewe ni sehemu ya uti wa mgongo wa trekta, nayo imefungwa kwa bolti kati ya injini na sehemu ya nyuma. Hapo hakuna kinachoshushwa. Trekta hutegemezwa vizuri pande zote mbili, kisha hutenganishwa, na ningependa mwongozo wako utumie neno hilohilo, kwa kuwa mwanafunzi aliyezoea malori akisoma “shusha” atatafuta giaboksi ianguke, na usalama wake ndio utakaolipia.

Turudi kwenye sentensi yako. “Gia na shafti iliyoharibika” inasema nini? Kwa upatanisho wa umoja, kilichoharibika ni shafti peke yake, na gia ni nzima. Kama vyote viwili vimeharibika, andika “gia na shafti zilizoharibika”. Kama ni gia tu, ianze pamoja na kivumishi chake: “gia iliyoharibika na shafti yake”. Kiambishi kimoja tu, “i” au “zi”, kinaweza kumpeleka mtu dukani akanunue kipuri asichokihitaji, na bei ya shafti ya trekta si ya kurudia mara mbili.

Hata hilo “haribika” ningelibana zaidi. Jino la gia humeguka au huvunjika, meno hulika, shafti hupinda, hukatika au huchakaa pale inapokaa beringi, na beringi, kwa lugha ya karakana, huwa “imekwisha”. Mwanafunzi anayejifunza kulitaja kosa kwa jina lake anajifunza pia kulitafuta kwa jicho.

Halafu hiyo “kutoka kwenye”. Toa, ondoa, chomoa na ng’oa vina mwelekeo wa kutoka ndani yake tayari. “Chomoa shafti kwenye giaboksi” inatosha, wala hakuna Mswahili atakayedhani unaiingiza.

Kuhusu majina, andika gia, shafti na giaboksi kwa moyo mkunjufu. Najua wapo wanaopendekeza “gurudumu la meno” na “mhimili”. La kwanza linafaa sana kumweleza mtoto gia ni nini, lakini ni refu mno kurudiwa mara arobaini katika mwongozo. La pili ni zuri, ila kwa Mtanzania wa leo limekwisha kushikwa na mihimili mitatu ya dola na mhimili wa dunia, na hakuna duka la vipuri litakalokuelewa ukiagiza mhimili. Gia, shafti na giaboksi zote zimo katika ngeli ya I/ZI, kwa hiyo ni gia hii na gia hizi, shafti hii na shafti hizi. “Magia” na “mashafti” utayasikia sana karakanani, lakini katika maandishi rasmi yaache.

Na utakapofika sura ya kurudishia, kama mafundi wanavyoiita, vitenzi vyako vitageuka vyenyewe: gia ishikiliwe mahali pake, shafti ichomekwe na kupitishwa ndani yake, na pete ya kuizuia ipachikwe mpaka uisikie imekaa.