Nunua Mizani Kabla ya Nondo

Kwa yeyote anayetaka kufungua duka la vifaa vya ujenzi, ushauri wangu wa kwanza, baada ya miaka 11 ya kuuza Kimara, ni kwamba anunue mizani kabla ya kuagiza nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa takribani kilo 10.7; ikipungua sana hapo, imebeba jina tu la milimita 12. Niliwahi kuletewa mzigo wa namna hiyo, nikauuza bila kuupima kwa kuwa bei ilinivutia, hadi mzee mmoja mstaafu aliporudi na kipande mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni kumi na mbili ya wapi?" Nilimrudishia fedha zake zote pamoja na gharama ya gari, na mwezi ule sikuona faida. Tangu hapo mizani iko mlangoni, na anayetaka kupimiwa hupimiwa.

Katika saruji, kinachohitajika ni maswali. Mteja huja na karatasi ya fundi iliyoandikwa "mifuko 60" bila maelezo mengine. Muulize kazi yenyewe, kwa sababu kwa kupiga lipu saruji ya 32.5 (namba ya daraja la nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha na ni nafuu, ilhali nguzo na zege la slabu ndizo zinazotaka 42.5. Muulize pia ataimaliza lini, kwani saruji iliyolala stoo miezi mitatu, hasa wakati wa masika, huanza kuganda na kupoteza nguvu. Wengi huondoka na mifuko 20 na kurudi kazi inapofika. Wapo pia wasiorudi.

Lililo gumu zaidi ni cha juu cha fundi, yaani fedha anayolipwa kwa kuleta mteja, ambayo huingizwa kimyakimya katika bei. Nilipoiacha, mafundi watatu walihamia duka la ng'ambo ya barabara, na kwa karibu mwaka mzima nilijiuliza kama nilikuwa mwaminifu au mjinga tu. Siku hizi natoa punguzo linaloandikwa kwenye risiti, mwenye nyumba alione, kisha yeye na fundi wake waelewane wenyewe. Mmoja wa wale watatu amerudi. Wawili bado nawaona kule wakipakia mabati, na tunasalimiana.