Usinunue kiti cha mbele ya kizimba: jibu kwa ndugu wa Arua

Usitume hiyo pesa. Kama umeshaandika namba ya mpokeaji kwenye simu, futa kwanza, ndipo usome.

Nimeukuta uzi wako asubuhi nikifungua furushi la viatu, nikaacha kazi. Unasema unatoka Arua kuja Kampala kuangalia MMA, yale mapigano ya kizimbani yanayochanganya ngumi, mateke na miereka, ukumbini kwa mara ya kwanza, unakuja na mtoto wa dada yako wa miaka 12, na kuna mtu anakubembeleza uchukue viti viwili vya mbele kabisa, sh. 300,000 kila kimoja. Umeuliza mambo matano: kiti, malazi, saa ya kufika, chakula, na namna ya kurudi usiku. Mimi nitakujibu zaidi la kiti, na kidogo saa na chakula; malazi na kurudi nawaachia wengine. Na hapo juu jamaa watatu wameshakuambia kwamba kadiri unavyokaa karibu ndivyo raha inavyozidi. Wasome tena. Hakuna hata mmoja wao aliyesema amewahi kukaa pale. Mimi nimekaa, na nililipa hizohizo 300,000, na sitaki mtu mwingine azilipe.

Mwaka juzi mdogo wangu, tumbo moja, alipata pigano lake la kwanza. Alikuwa ametoka kwenye ndondi, akafundishwa miereka na kukaba kwenye magodoro ya zamani yaliyoshonwa pamoja, miaka miwili, jioni baada ya kazi ya ujenzi. Nilimwahidi kwamba siku hiyo nitakaa karibu kiasi kwamba akigeuka ataniona. Nikaingia kwenye kundi moja la WhatsApp, nikampata dalali wa tiketi. Nilimuuliza swali moja tu: kile kizimba kina wavu, je, nitaona? Akanijibu, "Bosi, wavu macho huuzoea. Pale jasho linakurukia." Nikalipa kwa simu usiku uleule, kwa sababu aliniambia vimebaki viti vinne. Kwangu mimi ninayeuza mitumba soko la Owino hapa Kampala, 300,000 ni faida ya wiki mbili ambazo mvua haikunyesha.

Nilipofika nikaonyeshwa kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe, safu ya pili, meza ndogo mbele yangu na chupa ya maji. Nikakaa. Ukingo wa jukwaa ukawa sawasawa na macho yangu.

Hilo ndilo nataka ulielewe vizuri. Jukwaa la kizimba huinuliwa kutoka sakafuni, mara nyingi zaidi ya mita 1. Juu yake unasimama wavu ambao kwenye kizimba cha UFC, ile kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, unafika kama mita 1.7, na wengine wengi wanaiga vipimo hivyo. Jumlisha: kilele cha wavu kiko karibu mita 3 kutoka sakafu uliyokanyaga. Mtu mzima akikaa kwenye kiti, macho yake yako kwenye mita 1.2 hivi. Maana yake unatazama turubai kwa ubavu, kama mtu anayechungulia juu ya meza akiwa amepiga magoti. Mpiganaji akiwa amesimama utamwona kupitia matundu ya wavu. Akianguka, amekwisha kwako. Na huyo mtoto wa miaka 12, mfupi kuliko wewe, ataona mbao za jukwaa.

Halafu kuna nguzo. Kizimba cha pembe nane kina nguzo nane, na kila nguzo imevikwa sponji nene ili mtu asivunjike akitupwa pale. Moja ilikuwa mbele yangu kidogo kushoto. Na nje ya wavu kuna njia nyembamba ya kukanyaga, ambako wanasimama wapiga picha. Wa kwangu alikuwa na suruali ya jinzi ambayo mfuko wake wa nyuma ulishonwa upya kwa uzi mwekundu. Mimi kazi yangu ni mitumba, mishono naiona. Ule mshono ningeweza kukuchorea hadi leo. Pigano la mdogo wangu siwezi.

Raundi ya kwanza walisimama wakipigana ngumi na mateke, nikaona vichwa na mabega, nikapiga kelele kama wengine. Raundi ya pili, dakika ya tatu hivi, wakakumbatiana wakaanguka, wakabiringika hadi upande wa pili kabisa. Kizimba kikubwa kina upana wa karibu mita 9. Wao walikuwa kule, mimi huku, katikati yetu turubai lililo sawa na macho yangu, refa amepiga magoti, na yule bwana wa mshono mwekundu amehama akaja kusimama mbele yangu kabisa. Kitu pekee nilichokiona ni unyayo mmoja. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa plasta nyeupe. Plasta ile nilimfunga mimi mwenyewe asubuhi, kwa hiyo nilijua ni mguu wa mdogo wangu. Ulikuwa unasukuma turubai, unateleza, unasukuma tena. Kisha ukatulia.

Ukumbi mzima wa juu ukalipuka. Watu wamesimama, wanapiga viti, na mimi niliyekaa hatua chache kutoka pale sijui wanashangilia nini. Mguu umetulia. Nilidhani amekabwa akazimia. Simu ikaita, mama, kutoka nyumbani. Akauliza neno moja, "Ameshinda?" Nikamwambia, "Mama, sijui." Mama akanyamaza. Nilisikia pumzi yake tu, mpaka refa alipoinua mkono wa mdogo wangu na mimi nikaona kiwiko kikipanda juu ya sponji la nguzo.

Alikuwa ameshinda kwa kaba ya shingo, kutoka nyuma. Ule mguu ulitulia kwa sababu alikuwa amemaliza kazi.

Kijana wa steji yetu ya boda alikuwa ukumbini pia, kwa tiketi ya sh. 30,000, juu kwenye ngazi, safu ya tisa. Ndiye aliyenisimulia tukirudi. Alimwona mdogo wangu akipitisha miguu yote miwili kiunoni mwa mwenzake, akauona mkono ukiingia chini ya kidevu, ukakwama, ukatolewa, ukaingia tena. Akamwona yule wa chini akigonga mara tatu kwenye mkono uliomkaba, ishara ya kukubali kushindwa. Alinieleza kila kitu, hata uso wa mdogo wangu ulivyokuwa. Mimi ndiye ndugu yake, na nililipa mara kumi ya bei aliyolipa yeye.

Siku tatu baadaye nilimtafuta yule dalali. Sikutaka pesa, nilitaka aniambie alivyojua kwamba macho huzoea wavu. Akakiri kwamba hajawahi kuingia kwenye pigano la kizimba hata siku moja. Alizoea kuuza tiketi za muziki. Kwenye muziki, ndiyo, mbele ni mbele, msanii anasimama juu ya jukwaa wazi na anakuja ukingoni. Akachukua maneno ya huko akayaleta huku, na mtu akimuuliza swali la kweli anabuni jibu. Hilo ndilo linaloniuma. Angesema "sijui" ningeuliza kwingine. Na hao watatu waliokujibu hapo juu wanafanya jambo lilelile, tena bila hata kamisheni.

Najua hili wazo limetoka wapi. Sisi watu wa Uganda tumelelewa na ndondi. Wazee wetu walikua na Ayub Kalule aliyechukua ubingwa wa dunia mwaka 1979, na John Mugabi aliyeleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kwenye ndondi kukaa mbele ni sahihi kabisa: kuna kamba nne tu, unaona katikati yake, na bondia akianguka refa anahesabu, hakuna anayemfuata chini. Kwenye MMA chini ndiko nusu ya mchezo iliko. Kule ndiko wanakokabana, wanakopindana mikono, wanakokaliana na kushindiliana viwiko. Kiti kisichoona chini ni kiti cha ndondi ulichouziwa kwenye mchezo mwingine.

Televisheni nayo ilinidanganya. Agosti 2022 niliamka kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kibandani kumwangalia Kamaru Usman, bingwa wa UFC mzaliwa wa Nigeria, akitetea mkanda wake dhidi ya Leon Edwards. Mnaokumbuka mnajua: raundi ya tano, imebaki chini ya dakika moja, Usman anaongoza, na lile teke la kichwa likamlaza. Kwenye kile kioo tuliona mguu ukipanda, tukaona macho ya Usman yakizima. Nikajiambia, kama hapa Kampala naona hivi, yule aliyekaa pale mbele anaona nini! Sikujua kwamba kuna kamera inayoning'inia juu ya wavu, na kwamba kibanda chetu kilikuwa kimekaa juu kuliko matajiri wa safu ya kwanza. Hata majaji, ambao wanakaa ubavuni mwa kizimba kwa kazi, kwenye mashindano makubwa wanawekewa skrini mbele yao, kwa sababu nguzo na miili inawaziba. Kama mtu anayetoa alama anahitaji skrini, wewe uliye nyuma yake utaona nini?

Na usiseme utahama kutafuta pembe nzuri. Pigano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano, la ubingwa raundi tano, lakini linaweza kuisha sekunde ya kumi, popote kizimbani. Ukiinuka umekosa. Tena ukiinuka, walio nyuma yako wanainuka, na walio mbele yako walishasimama zamani wakirekodi kwa simu.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na kama utasahau mengine yote shika hii: macho yako yakae juu ya wavu. Basi. Usiulize VIP, usiulize meza, usiulize kama kuna soda ya bure. Uliza kiti kiko juu kiasi gani. Kwenye ukumbi wenye ngazi za kudumu kama ule wa ndani pale Lugogo, Kampala, mimi naanza kuhesabu safu ya sita kwenda juu. Chini ya hapo bado unatazama kupitia matundu. Ukipata safu ya saba, ya nane, ya tisa, unatazama ndani ya kizimba kama mtu anayetazama ndani ya sufuria. Kisha chagua kiti kinachoelekea katikati ya wavu, katikati ya nguzo mbili, kisielekee nguzo. Kama pigano linafanyika kwenye uwanja tambarare, viti vyote vimepangwa kwenye nyasi na hakuna ngazi, basi nakushauri nenda ukakae karibu na skrini kubwa, na kama hakuna skrini, baki Arua.

Najua utasema, lakini nataka kuwaona wapiganaji kwa karibu, mtoto anataka picha. Nakuelewa, hilo ndilo lililoniponza. Nenda siku ya kupima uzito. Inafanyika siku moja kabla, na mara nyingi mashabiki wanaruhusiwa kuingia. Pale wamesimama wakavu mbele yako, bila wavu, wana kiu na njaa, unaona mbavu, unaona mikono inavyotetemeka wanaponyoosha ngumi kupigwa picha. Nilikwenda mwaka jana. Nilikaa mbali na mdogo wangu kama kutoka hapa hadi mlangoni, akageuka, akaniona. Ile ahadi niliitimiza pale.

Saa ya kufika: fika mapema, kwa sababu viti vya juu vya bei ndogo mara nyingi havina namba, anayewahi ndiye anayechagua, na nguzo unaziona ukiwa ndani tu. Mimi tangazo likisema saa 12 jioni nakuwa mlangoni saa 10. Mapigano ya mwanzo usiyadharau, hao vijana wa mwanzo ndio wanaopigana kama mdogo wangu alivyopigana, na ndugu zao wako ukumbini. Kula kabla hujaingia.

Mwezi ujao anapigana tena. Safari hii mama anakuja mwenyewe na basi la usiku. Nimemtafutia safu ya saba, sh. 40,000, kiti cha pembeni karibu na ngazi kwa ajili ya magoti yake. Juzi nilikwenda ukumbini mchana mtupu, nikamwomba mlinzi aniruhusu, nikakaa kwenye kile kiti dakika kumi nikitazama sakafu tupu pale watakapofunga kizimba. Nikamwomba yule mlinzi alale chini katikati. Akakubali. Nilimwona kuanzia viatu hadi kofia.

Ndugu yangu, usilipe leo usiku hata akikuambia vimebaki viti viwili. Kesho asubuhi piga simu kwa wanaoandaa wenyewe, siyo kwa dalali, uulize bei ya safu ya sita kwenda juu, viti viwili, wewe na mtoto. Kisha rudi hapa uniandikie walichokujibu kabla hujatuma shilingi.