Tabora kwa mpenda muziki wa dansi: usianzie baa

Mkuu, swali lako hili na mimi niliwahi kuliuliza, nikajibiwa na mtu mmoja tu: "Tabora hakuna kitu." Unakuja siku nne, unataka bendi inayopiga laivu, na unataka kuona walikokuwa wanapigia Tabora Jazz, ile bendi ya dansi ya zamani, na wenzao. Mimi nimekwenda mara tatu. Safari ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, ngoja nianze na hiyo.

Nilishuka stesheni Jumanne, miguu imevimba kwa kukaa kwenye behewa. Kijana wa bodaboda akaniwahi: "Kwihara, bosi?" Kwake mgeni mwenye begi mgongoni amekuja kuona tembe la Livingstone huko Kwihara, basi. Nikamwambia nataka ukumbi waliokuwa wanapigia Tabora Jazz. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Hiyo ni timu ya daraja la ngapi?"

Jioni nikaona bango la baa moja: bendi laivu, kiingilio elfu tano. Nikalipa, nikaingia, nikakaa mbele. Drum zinalia vizuri kabisa, nikamtafuta mpiga drum kwa macho, simuoni. Besi inanguruma, mpiga besi hayupo. Kulikuwa na kinanda kimoja, flashi imechomekwa ubavuni, na kaka mwenye miwani ya giza anaimba juu yake. Sauti alikuwa nayo, simkosei. Ila bendi ile ilikuwa ya mtu mmoja na umeme, na umeme ulipokatika saa nne na robo tukabaki naye tu, akacheka, akaagiza soda.

Kosa langu lilikuwa kudhani mji ulioutoa muziki lazima uwe na jengo la kuuonyesha. Tabora sikuliona jengo la hivyo, wala kibao ukutani kinachosema hapa palipigwa. Na huu ndio mji wa Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz wenyewe na mtindo wao wa Segere Matata. Hata Western Jazz, wenye mtindo wa Saboso, ambao watu wa Dar tunajidai nao kama wetu, jina lao linatokana na Jimbo la Magharibi walikotoka waanzilishi wake, na makao makuu ya jimbo hilo yalikuwa Tabora.

Kwa nini Tabora? Angalia ramani ya reli. Njia ya kati ilifika pale 1912, ikafika Kigoma 1914, baadaye likaongezwa tawi la Mwanza. Kila kitu kilichopanda treni kwenda Kigoma au Mwanza kilipita Tabora: askari, makarani, wanafunzi, sahani za santuri, magitaa. Kabla ya magitaa lilishafika beni, lile la kuiga bendi za matarumbeta za jeshi, na makundi yake ya Marini na Arinoti yaliyoshindana kwa sare na vyeo vya kujipa. Kwa hiyo vijana wa dansi walipokuja na suti zao walikuta mji umeshazoea kuona vikundi vya muziki vikitambiana.

Sasa pa kwenda. Siku ya pili asubuhi niliacha kuuliza vijana. Nikakaa kwa fundi cherehani mmoja mzee maeneo ya Isevya, nikampa suruali apunguze, na wakati anapima nikamuuliza zamani walikuwa wanacheza wapi. Akaweka mkasi chini. Nusu saa baadaye nilikuwa kwenye ua wa jirani yake, mzee wa miaka sabini na kitu aliyewahi kupiga gitaa la rithimu kwenye bendi moja ya mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Kusikia Mzaramo, akapiga makofi: "Kumbe mtani! Ninyi ndio mliowanywesha babu zetu maji ya chumvi." Basi, nikawa mwenyeji. Sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ikaletwa na chai.

Gitaa lake kavu lilikuwa na nyuzi tano. Uzi wa kwanza ulishakatika na hakuwa amepata mwingine. Alimwita mjukuu wake, akampa beseni la plastiki alishike kati ya magoti awe ndiyo tumba. Kisha akapiga kitu kimoja kilekile, taratibu, kama dakika tatu, bila kubadilisha hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kuchoka ndipo akanitazama: "Umesikia nafasi?" Sikusikia. Akarudia, na safari hii akawa anaimba kwa mdomo gitaa la pili, linaloingia pale rithimu inapovuta pumzi, kama mtu anayedakia maneno ya mwenzake. Halafu juu yake akaimba solo. "Rithimu ndiyo ugali, mjukuu wangu. Solo ni mboga. Watu wanasifia mboga." Tangu siku ile nikisikiliza zilipendwa redioni, sikio langu linakwenda kwenye ugali kwanza, na nyimbo nilizozijua tangu utotoni zimekuwa mpya.

Alinisimulia pia walivyokwenda Dar kurekodi Radio Tanzania: bendi nzima chumba kimoja, mnapiga na kuimba kwa pamoja, akikosea mmoja mnaanza upya wote. Santuri zenyewe zilikuwa zinapitia Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 njia hiyo ikaziba. Vyombo havikuwa vya wanamuziki, vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama unaondoka na shati lako. Ndiyo maana ukifuatilia mwanamuziki wa enzi hizo utamkuta bendi tano.

Kwa hiyo mkuu, mchana ni wa wazee. Usiende na kamera mkononi, nenda na kazi ya kumpa fundi, au kaa kijiweni kwa kahawa. Uliza "bugi lilikuwa wapi?" Bugi lilikuwa dansi la mchana, na waliokuwa vijana wakati huo watakuonyesha mahali kwa kidole. Mimi nilionyeshwa ghala la mahindi, mzee akanipimia kwa hatua jukwaa lilipoanzia.

Usiku, kama unataka bendi yenye watu na vyombo, epuka katikati ya wiki. Ijumaa mpaka Jumapili, na iwe mwisho wa mwezi mishahara imetoka, au baada ya masoko ya tumbaku wakulima wakishalipwa. Safari yangu ya pili ilikuwa mwezi wa nane. Harusi kila upande, na harusini ndiko niliposikia muziki ambao sijausikia baa yoyote. Ilianza spika na nyimbo za Diamond kama kawaida. Kisha upande wa bibi harusi wakaingia akina mama na manyanga, vile vibuyu vya kutikisa, njuga miguuni, na spika ikazimwa bila mtu kuamrisha. Vumbi likanyanyuka. Nikaambiwa mgeni hatazami tu, nikatoka na noti ya elfu mbili nikamtunza anayeongoza, naye akanitia kwenye wimbo pale pale: Mzaramo ametoka pwani, ameshindwa kucheza. Alisema kweli.

Kwa kifupi tu na mengine: kama wewe ni wa kwaya, Wamoravian wana mizizi mirefu pale, na alfajiri ya Pasaka utawakuta makaburini. Maulidi na dufu utayasikia mitaa ya zamani ya mjini, uliza msikitini. Bonanza za Jumapili mchana kwenye mabaa zina bendi za kopi, zinazopiga nyimbo za wengine, si mbaya kwa kupoza koo.

Umeuliza kama uendelee mpaka Kigoma. Endelea. Shem Karenga, aliyeimba "Dada Asha" na Tabora Jazz, alikuwa mtu wa Kigoma. Na wale vijana wa Kigoma All Stars waliotoa "Leka Dutigite" 2012 hawakuanza na hewa, reli ile ile na ziwa lile la kuletea muziki wa Kongo vilishafanya kazi kabla yao. Ila Kigoma ni habari nyingine, nitaiandika nikirudi.

La mwisho, gitaa. Njoo nalo, wazee watalichukua mikononi kabla hujawasalimia vizuri. Leta na nyuzi za akiba, hasa ya kwanza. Nilizunguka maduka matatu kumtafutia yule mzee nikakosa, nikamtumia kutoka Dar kwa basi. Akanipigia simu usiku, hakusema habari, alipiga tu.