Daftari la muhtasari liko kwa nani? Majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zimetoka hapa kwetu mkoani Tanga: Mkinga, Makorora, Ngamiani, Pongwe na kwenye madiko ya wavuvi. Nyingine nimezijibu kwa urefu na nyingine kwa mistari michache, kwa kuwa uzito wake haulingani.

Shikamoo mwalimu. Kijijini kwetu Mkinga mkutano mkuu haujaitishwa tangu mwaka jana. Mwenyekiti anasema hakuna ajenda. Tukilalamika tunaambiwa tunaleta siasa. – Mkulima wa minazi

Marahaba, ndugu yangu. Ajenda ipo na haijawahi kukosekana: mapato na matumizi ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye watu 15 hadi 25, inawajibika kwa mkutano huo.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa ndiye katibu, na nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Ombeni mambo mawili tu: tarehe ya mkutano, na taarifa ya fedha ya miezi mitatu iliyopita. Kila anayeomba aandike jina, kitongoji na saini yake. Majina thelathini ya watu wa vyama vyote na wasio na chama yatalizima neno "siasa" kabla halijasemwa. Pelekeni nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine mrudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wiki tatu zikipita kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo mtakayompelekea mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Malalamiko ya mdomo hufia mlangoni.

Atakayewaambia mnaleta siasa mfungulieni Katiba. Ibara ya 8 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wenzangu wanakumbuka 1972, halmashauri za wilaya zilipofutwa na maamuzi yakahamia kwa maofisa. Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo zikarudi. Kijiji kisichokutana kinajinyang'anya chenyewe kile kilichorudishwa kwa shida.

Mtoto wangu yuko darasa la tano hapa Makorora. Sijawahi kuona ubaoni fedha za serikali zinazokuja shuleni. Nikimuuliza mwalimu mkuu, je, namkosea adabu? – Mama wa watoto watatu

Humkosei, dada. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 hushushwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 basi inatarajia shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Ukishaijua hesabu hiyo utaona kwamba mara nyingi mwalimu mkuu hana mlima wa fedha wa kuuficha. Ana chaki, karatasi za mitihani na ukarabati mdogo wa kugharamia kwa kiasi kidogo sana. Mwendee kwa upole, umwombe abandike kilichoingia na kilichotoka. Mwalimu mwadilifu atashukuru, kwa sababu karatasi ile inamkinga na maneno ya mtaani.

Jirani zetu Uganda walilijua hili kwa uchungu. Ufuatiliaji wa fedha uliofanyika huko 1996 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotumwa na serikali kuu. Nyingine ziliishia njiani, wilayani. Serikali yao ikaanza kutangaza kila mgao magazetini na kwenye mbao za matangazo, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha badiliko hilo kilitokana na matangazo, kwa kuwa mageuzi mengine yalifanyika pia. Mimi najua hili: mzazi asiyejua kilichotumwa hawezi kuuliza kilichopotea.

Ukikataliwa kabisa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia huomba kwa maandishi, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa madarasa. Lori lilikuja magharibi, nikaambiwa nisaini mifuko 200 ya saruji, nitahesabu kesho. Nilisaini. Asubuhi nimekuta 168. – Mwenye wasiwasi

Kaka yangu, usilale na jambo hili. Leo hii andika idadi uliyoikuta, tarehe, saa na nani alikuwepo mlipohesabu. Mpe mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ubaki na nakala, uombe kikao. Ukiambiwa unyamaze, piga 113 kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure. Ukinyamaza, saini yako ndiyo itakayoibeba ile mifuko 32.

Fedha za ujenzi zinapoletwa shuleni moja kwa moja, huundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Zimetenganishwa kwa makusudi, ili anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kazi yako basi ni kubwa kuliko unavyoambiwa. Saruji ikipangwa kwa mafungu, usihesabu kwa mbele na kuzidisha. Panda juu uangalie katikati, maana fungu linaweza kuwa na shimo ndani. Gusa mifuko: uliolowa na kuganda hauhesabiki. Nondo ya milimita 12 na ya milimita 10 hufanana machoni, kwa hiyo pima. Bati angalia geji iliyoandikwa, uilinganishe na iliyoagizwa. Mzigo ukija usiku, andika kwenye hati yenyewe, juu ya saini yako: "Haujahesabiwa." Dereva atanung'unika, mwache anung'unike.

Sisi wavuvi tunachangia BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi, kila wiki na hatusomewi hesabu. Viongozi wetu ndio wanaosimama kwenye semina kusema serikali iwe wazi. Tuwaamini? – Nahodha

Swali lako, nahodha, limenigusa kuliko mengine, kwa hiyo nitalikalia.

Niliwahi kuwa katibu wa kikundi cha mazingira ufukweni. Mweka hazina wetu alikuwa mwaminifu kweli, na hesabu zote alizitunza kichwani: nani katoa, mafuta ya boti ya doria yamegharimu nini, nani anadaiwa. Siku moja akapigwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito. Tulikaa barazani kwake, akitutazama huku akijaribu kutuonyesha tarakimu kwa vidole. Watu wakasema tumekula. Hatukuwa tumekula, lakini hatukuwa na karatasi hata moja ya kuwaonyesha. Kikundi kilikufa mwaka ule ule, na mimi katibu nina sehemu yangu katika kifo kile.

Pwani yetu ilipata bahati. Kuanzia 1994 mpaka 2007 palikuwa na mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga, kwa msaada wa Ireland na utaalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi. Vijiji vilipanga pamoja maeneo ya usimamizi, uvuvi wa baruti ukapungua, miamba ya matumbawe ikapumzika. Baadaye milipuko ilirudi. Sababu ni nyingi, na doria na adhabu hafifu zimo. Ila hata mimi niliona vikundi vilivyojua kumwandikia mfadhili taarifa nzuri ilhali havijawahi kuwasomea hesabu wavuvi wenyewe. Mfadhili alipoondoka, hapakuwa na mtu aliyezoea kudai.

Jibu langu: msiwaamini wala msiwashuku, waombeni daftari. Mkutano ujao pendekezeni mambo matatu yaingie kwenye muhtasari: risiti kwa kila mchango, hesabu kubandikwa dikoni kila mwezi, na wakaguzi wawili kutoka kwa wanachama wasio viongozi. Kiongozi anayekataa hayo asiende semina kwa jina lenu.

Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inatuhusu nini sisi wa Ngamiani? – Kijana

Inakuhusu sana. Rais hukabidhiwa ripoti mwishoni mwa Machi, na Aprili inawekwa mezani Bungeni. Ipo sehemu ya serikali za mitaa. Itafute kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, soma yanayoihusu halmashauri ya jiji letu, kisha mpelekee diwani swali moja lenye namba ya ukurasa.

Tupo wanawake kumi, tunashona. Tusajili NGO? – Mwenyekiti wa kikundi

Hapana, mama. Sheria ya NGO ya 2002 ni ya mashirika, nayo inakuja na taarifa za kila mwaka na ada. Jisajilini kama kikundi kwa ofisa maendeleo ya jamii. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa taratibu mpya. Nendeni na katiba yenu na akaunti ya benki.

Nina miaka 22, nimechaguliwa katibu wa kamati ya maji Pongwe. Sijui hata pa kuanzia. – Binti yenu

Hongera, mwanangu. Nunua kaunta buku, uweke namba kila ukurasa kabla ya kuandika chochote, ili asiwepo wa kuchana. Kila kikao andika tarehe, waliohudhuria, kilichoamuliwa, nani atafanya na lini, na fedha iliyotajwa kwa tarakimu na kwa maneno. Aliyepinga mwandike pia. Watu wasisimame kabla hujawasomea ulichoandika. Wakisahihisha, sahihisha mbele yao, kisha wewe na mwenyekiti msaini chini ya mstari wa mwisho, pasibaki nafasi ya kuongezea neno.